Sahani ya Sajini

Toronto, 18 Januari 2004

Baba yangu,

Kabla ya salamu nianze na sauti, maana ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika. Ni sauti ya sahani ya bati ikisuguana na saruji, uani kwetu Tanga, nyuma ya duka. Kamanda, mbwa wetu wa ulinzi, alikuwa akimaliza chakula anaendelea kulamba sahani tupu, na sahani inakwenda mbele taratibu mpaka igonge ukuta. Kisha anaizunguka na kuisukuma upande wa pili. Mimi niko ghorofani, dirishani, nafanya hesabu za shule. Mbwa aliyeshiba hafanyi vile. Kila siku alipewa ugali na utumbo mpaka sahani inafurika, na kila siku alikonda. Mwisho tumbo likamvimba, miguu ikamvimba, akafa, nanyi watu wazima mkasema alikuwa mlafi.

Wiki iliyopita nimeisikia sauti ile ile huku Toronto, katika nyumba wanamohifadhi mbwa waliotupwa na wenyewe. Nilisimama pale na sindano mkononi, nikasahau nilichoendea.

Sasa salamu. Asalaam aleikum, wewe na Mama. Natumaini barua hii inawakuta barazani mnabishana kama chai imekolea au haijakolea. Mimi mzima, alhamdulillahi. Bado nakaa Crescent Town na Jeptoo, yule binti wa Eldoret anayesomea uuguzi. Baridi imefika mahali ambapo pua inaganda kwa ndani kabla sijamaliza daraja la kwenda kituo cha treni. Ijumaa Ami Baqir alikuja na gari kutoka Markham kunipitia twende msikitini. Wanawe hawajambo, nawasemesha Kiswahili, wananielewa vizuri sana, halafu wananijibu Kiingereza.

Baba, uliponisindikiza uwanja wa ndege ulimwambia kila aliyekuwa na masikio: binti yangu anakwenda kusomea damu. Ni kweli, nasomea damu. Lakini damu yenyewe ni ya mbwa. Profesa alitupa kuchagua kati ya damu ya watu wenye ini bovu na damu ya mbwa wenye minyoo ya tumbo. Wenzangu walikimbilia watu. Mimi nilichagua mbwa, na nilichagua kwa kutaka.

Nikueleze kidogo. Damu ukiiacha ikatuama, juu hubaki maji ya manjano. Ndani ya maji hayo mna protini za aina nyingi, na iliyo nyingi kuliko zote inaitwa albumini. Ini ndilo linaloitengeneza. Kazi yake moja ni kuyashika maji yasitoroke kwenye mishipa. Sasa minyoo ya safura inapong'ata utumbo, damu inavuja, na albumini inavuja nayo. Ikishuka sana, maji yanatoka mishipani yanajaa tumboni na miguuni. Kamanda hakuwa mlafi, Baba. Alikuwa anakula kwa ajili yake na kwa ajili ya waliokuwa wakimla.

Kuhusu tahara usiwe na wasiwasi. Nguo zangu za kazi hazivuki mlango wa maabara, glovu siziachi, na nikitoka naosha mikono kama ulivyonifundisha. Jeptoo anasema siku moja nitalimaliza Ziwa Ontario.

Niombee. Na naomba radhi yako kwa kazi hii, kwa jina lake kamili.

Mwanao,
Sahar


Tanga, 1 Machi 2004

Kwa binti yangu Sahar,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika na unyevu kana kwamba imeogelea njia nzima. Huku sote wazima, hatuna la kulalamikia. Mama yako nyayo zinamwasha kidogo, anasema ni jeuri ya kandambili mpya. Ijumaa hatukusahau katika dua.

Haya, tuje kwako wewe. Mara ya kwanza niliposoma nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Mtoto nimsomeshe, nimkabidhi kwa Ami yake, avuke dunia nzima, aende akachungulie mavi ya mbwa? Mavi ya mbwa hapa Tanga hayana uhaba, mama. Ungebaki tu, ningekupa kila asubuhi, tena mabichi.

Wewe huoni ninavyoishi hapa. Kila Ijumaa wazee wa kamati ya msikiti wananiuliza, "Ghulamabbas, Sahar anaendeleaje?" Nasema, "Anasomea damu." Wote: "Mashallah!" Sasa unataka niongeze neno. Neno hilo moja, Sahar, litanivua kilemba mbele ya watu ambao wangefurahi sana kukiona kichwa changu.

Mbwa ni najisi, hilo halina mjadala. Tunamfuga kwa ulinzi, sharia imeruhusu, nasi mipaka tunaijua. Wewe mwenyewe umekua katika ua ule. Asubuhi na jioni tunamwaga maji, mara tatu tatu, mpaka pale alipopita pang'ae. Hakuna mwenye duka Tanga hii aliye na ua tohara kama wangu. Hata imamu alipokuja kununua misumari alisema hivyo, nami sikumlazimisha.

Radhi uliyoiomba iko mfukoni mwangu. Sijakunyima. Bado naishika.

Baba yako,
Ghulamabbas

Nilikuwa nafunga bahasha. Sajini, mbwa aliyerithi lindo la Kamanda, naye anakula sana na anakonda. Bwana mifugo alimpa dawa ya minyoo mwaka jana, akanawiri, sasa amerudi kulekule. Na sahani yake inatembea usiku kucha kama ulivyoandika. Mama yako ndiye aliyetaka niandike haya. Mimi sikuulizi kitu.


Toronto, 4 Aprili 2004

Baba,

Asalaam aleikum. Nimefurahi kusikia wazima, na nimefurahi zaidi kusikia bado unatamba mbele ya wazee wa kamati, maana siku utakayonyamaza ndiyo nitakayoogopa. Mimi sijambo. Theluji imeanza kuwa tope, na kila aliyekuwa amejifunika miezi yote ameonyesha uso.

Nilimsomea Jeptoo barua yako. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Baba yako," alisema, "amekutukana vizuri kuliko profesa yeyote wa hapa." Kisha akanitazama. "Lakini na wewe Sahar. Toronto nzima ina watu, na mwanamke anayeringa kwa mavi ya mbwa ni wewe peke yako."

Ni kweli naringa. Acha nikwambie kwa nini. Maabarani kuna kipande cha utando, chembamba kama ganda la kitunguu. Nadondosha juu yake tone la yale maji ya manjano, napitisha umeme, na protini zinaanza kukimbia, kila moja kwa mwendo wake. Nikitia rangi, naona mistari zilipofika. Albumini ndiyo ya mbele, mnene, imekolea. Kwa mbwa mzima. Kwa mbwa mwenye safura mstari ule unakuwa hafifu kama wino uliomwagikiwa maji, na huku nyuma mistari ya globulini, zile protini za mwili unapopigana, inanenepa. Nikikaa mbele ya mistari ile sisikii njaa wala simu. Nimesoma miaka mingi, Baba, na nilikuwa na akili ya kusoma chochote. Hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho nilikiona nikajua ni changu.

Sasa Sajini. Nakuomba mambo matatu na usinikasirikie. Mfunue mdomo utazame fizi zake rangi gani. Mwambie bwana mifugo amtoe damu apime protini. Na nieleze mnavyoosha ua: maji yanaanzia wapi, yanakwenda wapi, na Sajini analala wapi.

Na Mama anionyeshe nyayo zake kwa maneno. Je, panapowasha kuna mchoro mwembamba mwekundu, kama uzi, na kesho yake unaukuta umesogea?

Mwanao,
Sahar


Tanga, 16 Mei 2004

Binti yangu Sahar,

Waaleikum salaam warahmatullah. Afya zetu ni za kushukuru. Mvua za mwaka huu zimetukomoa, saruji imeganda ghalani kabla haijapata mnunuzi, lakini tupo.

Majibu yako haya. Fizi za Sajini ni nyeupe kama kanzu ya Idd. Nilimfunulia kwa kijiti, usije ukadhani nimemshika.

Damu ilitolewa. Bwana mifugo ameipima, na hapa ndipo nilipoona niketi vizuri kwenye kiti. Jumla ya protini ni ya kawaida! Kawaida kabisa, ameniandikia na mhuri juu. Kwa hiyo, daktari wa mbwa, protini yako haijaenda popote. Tafuta mchawi mwingine.

Ua tunauosha hivi. Kijana anaanzia mlangoni kwa ndoo, anafukuza uchafu wote wa mbwa kwa maji kuelekea nyuma, mpaka unapotelea kwenye udongo pembeni ya ukuta. Pale juu tumetandaza turubai, tangu enzi za Kamanda, ili mbwa apate kivuli. Ndipo anapolala, kwenye ubaridi. Tumemhurumia, unaona? Na hapo mbele yake ndipo mama yako anapoanika nguo.

Mama yako anasema ndiyo. Mchoro upo, kama uzi, na unatembea. Amenitazama kwa jicho baya, sijui umemwambia nini.

Sasa sikiliza jambo la maana. Ami yako Baqir amepiga simu. Ana rafiki katika hospitali moja ya huko, maabara ya damu. Damu ya watu. Ukimaliza masomo mwisho wa mwaka nafasi ni yako, ni kusema ndiyo tu. Nimefurahi kwa sababu kila nilichowaambia watu kitakuwa kweli bila mtu kuongeza wala kupunguza neno. Chukua kazi hiyo, na radhi yangu naitoa mfukoni siku hiyo hiyo, naituma kwa simu. Usipoichukua sitakulaani, mimi si baba wa namna hiyo. Lakini usiniombe tena nibariki mbwa.

Baba yako,
Ghulamabbas


Toronto, 13 Juni 2004

Baba yangu,

Asalaam aleikum. Nimepokea barua yako nikiwa na mafua ya kiangazi, ambayo Jeptoo anasema ni ya watu wasiojua kuvua koti. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mwambie Mama kwanza: asikanyage pale pembeni ya ukuta bila viatu vilivyofunika mguu, na aende hospitali leo hii aonyeshe mchoro ule. Ni kiluwiluwi cha mnyoo wa mbwa kimepotea njia chini ya ngozi yake. Dawa ipo, na hakitamuua, lakini kimetoka uani kwetu.

Nakuja kwenye mhuri wa bwana mifugo. Hakukosea. Jumla ni ya kawaida. Baba, kumbuka harusi ya mtoto wa Mama Kanizfatema, wale wapishi waliokuwa wanaficha nyama. Sufuria ya pilau ilikuja imejaa mpaka juu, mkashukuru. Wewe ndiye uliyechota ukasema, "Jamani, huu ni wali mtupu." Kila walipotoa nyama walikuwa wanajaza wali. Jumla ya sufuria haikupungua hata kidogo. Ndivyo ilivyo damu ya Sajini. Albumini inavuja kila siku, na globulini inaongezeka kwa kuwa mwili unapigana, ukizijumlisha unapata kawaida. Mwambie bwana mifugo apeleke damu ile Dar es Salaam wazitenganishe protini zake. Hicho hasa ndicho ninachokisomea. Nina mbwa hapa ambao jumla yao ni nzuri kabisa, na mstari wao wa mbele umekwisha. Hakuna aliyewaonea huruma mpaka nilipozitenganisha protini zao.

Sasa neno gumu. Nimeliandika mara nyingi nikalichana.

Dawa ilimponya Sajini, na ua ukamwambukiza upya. Mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi. Yakianguka mahali pakavu penye jua kali, yanakufa. Yanataka unyevu, kivuli na joto ili yaangue viluwiluwi, navyo hupenya ngozi. Sisi tunayachukua asubuhi na jioni kwa maji safi, tunayapeleka kwenye udongo, chini ya turubai, halafu tunamlaza mbwa juu yake. Usafi wenu ndio uliomuua Kamanda, Baba. Hamkukosa huruma. Mlikuwa mnatafuta tahara kwa namna mliyoijua.

Najua utasema: nini, nimekutuma Kanada uje unifundishe tahara? Sikufundishi. Fungua kile kitabu cha hukumu kilicho juu ya rafu yako, mlango wa vitu vinavyotoharisha. Maji ni la kwanza. Ardhi imo. Na jua limo. Ardhi iliyonajisika, ukishaondoa najisi yenyewe, ikiwa na unyevu na jua likaikausha lenyewe, imetoharika. Ulinisomesha hayo mwenyewe, nikiwa na meno ya utoto, na mimi nilikuuliza jua linajuaje. Ukacheka.

Kwa hiyo kinyesi kizolewe kwa koleo kikiwa kikavu, kifukiwe mbali. Ua uoshwe maji kidogo, mara moja, asubuhi jua linapopanda. Turubai litoke. Sajini alale juu ya mbao zilizoinuliwa, kivuli chake kiwe cha paa dogo lisilogusa udongo. Apewe dawa, na baada ya wiki mbili tatu apewe tena.

Ya hospitali nimesoma. Wanataka jibu mwishoni mwa mwaka. Sitaki kukujibu kwa hasira na sitaki kukujibu kwa woga, basi sijibu bado.

Mwanao,
Sahar


Toronto, 7 Novemba 2004

Baba,

Asalaam aleikum na Ramadhani njema, ingawa imebaki kidogo. Hii ni barua ya pili tangu ile ya Juni. Ya Agosti hukuijibu. Nikipiga simu Mama anapokea, anasema nyayo zimepona, anasema mko wazima, nikimwuliza Baba yuko wapi anasema, "Yuko uani." Kila mara uko uani. Kadi ya simu inaisha huku namsikiliza Mama akitafuta maneno.

Kama nimekuudhi kuhusu tahara, nisamehe kwa namna nilivyosema. Nilichosema siwezi kukirudisha.

Nikusimulie kitu, hata kama husomi. Jumamosi Ami Baqir alifuturisha Markham. Nyumba imejaa, watu wametoka mpaka Pickering. Nimekaa upande wa wanawake na bakuli la uji, mara mama mmoja akanisogelea na bahasha. Majibu yake ya hospitali. "Sahar, wewe si ndiye daktari wa damu? Nisomee sukari hii." Kabla sijameza, wa pili ana ya mafuta. Wa tatu amemwita binti yake alete ya mumewe kutoka kwenye gari. Sifa ulizonimwagia zimefika kabla yangu, Baba. Zimevuka bahari na zimeongezeka.

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusoma sukari, si kazi ngumu. Mke wa Ami alikuwa mlangoni na sinia la kachori, ananiomba kwa macho nisiwakatalie. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Jamani, mimi nasomea damu ya mbwa. Mbwa wenye minyoo."

Mtu akavuta bakuli lake karibu.

Halafu Bi Khatoon, yule bibi wa Lindi asiyesikia vizuri, akauliza, "Amesema wa nini?" Wakamwambia sikioni. Akafikiri. "Mbwa nao wanapimwa damu Kanada?" Nikasema ndiyo, Bibi. "Na mimi nimengoja miezi minne kumwona daktari," akasema. "Mwanangu, siku ukiwa na nafasi niandike mimi kama mbwa." Walicheka mpaka uji ukamwagika. Na yule mama wa sukari, akipangusa macho, akaniuliza taratibu, "Sasa hiyo minyoo inaingiaje kwenye damu?" Nikamweleza. Nikawaeleza wote. Hakuna aliyeondoka, na kachori zikapoa.

Ami alinirudisha kwa gari. Tulipofika Crescent Town akasema tu, "Baba yako atasikia." Nikamwambia atasikia kwangu.

Basi umesikia. Mwezi ujao natetea kazi yangu mbele ya maprofesa watano. Niko tayari. Ningependa tu kujua kama Sajini yu hai.

Mwanao,
Sahar


Tanga, 21 Novemba 2004

Binti yangu, Sahar yangu,

Waaleikum salaam. Idd imepita vizuri, tumekula kwa niaba yako. Mimi mzima. Mama yako mzima, anavaa viatu vya mvua kuanika nguo, majirani wanamcheka, naye anawacheka wao.

Mama yako hakukudanganya. Nilikuwa uani.

Barua yako ya Juni nilipoisoma niliifungia ndani ya droo. Ikakaa humo wiki nzima. Mtu ananiambia tahara yangu imeua! Kisha nikakiteremsha kitabu, kwa nia ya kukuumbua. Nikafika kwenye jua. Nikaenda kwa imamu, nikamwuliza kama mtu anayeuliza kwa ajili ya rafiki. Akasema, "Ni sahihi, Ghulamabbas, jua linatoharisha. Nani kakuuliza?" Nikasema mtu wa Kanada.

Nikaling'oa turubai mwenyewe. Chini yake palikuwa na harufu ambayo kwa miaka yote hiyo tuliiita ubaridi. Nikapiga mbao kitanda cha mbwa. Mwenye duka la mbao na misumari atashindwaje? Koleo nimelinunua kwangu mwenyewe. Damu ikaenda Dar es Salaam, wakaitenganisha. Albumini ilikuwa imekwisha kama ulivyosema. Sikukuandikia. Nilitaka nione mwisho wake kwanza, maana Kamanda pia alinawiri kidogo kabla hajafa, hilo ulikuwa mdogo hukulijua.

Mwezi huu bwana mifugo amepima tena. Akaniletea karatasi anacheka: "Mzee, jumla ni ile ile, kawaida. Umehangaika bure." Nikamwambia, "Bwana mkubwa, jumla ni sufuria. Mimi nionyeshe nyama iko wapi." Tukaipeleka damu Dar. Nyama imerudi, Sahar. Globulini imeshuka, albumini imepanda, na fizi ni nyekundu kama za mtu aliyekula tambuu.

Sahani yake imenyamaza. Asubuhi naikuta pale pale nilipoiweka.

Sasa wenye maduka wa mtaa mzima wanakuja kuchungulia ua. Mbwa wao wote ni wale wale, matumbo na mbavu. Ijumaa iliyopita katika kamati wakaniuliza, "Ghulamabbas, dawa gani hiyo?" Nilisimama. Unajua mimi nikisimama. Nikasema, "Binti yangu anasomea damu. Ya mbwa." Nikangoja waanze. Mmoja akasema, "Mashallah," polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Mwingine akauliza anarudi lini, ana mbwa wawili.

Baqir alishanisimulia ya futari, kwa sauti ya msiba. Nikamwambia ningekuwepo ningekupigia makofi.

Radhi uliyoiomba, kwa jina lake kamili: nimekuridhia wewe, na mbwa wako, na minyoo yao. Mungu anishuhudie. Hospitali wanangoja jibu, na Baqir anangoja kwa niaba yao. Ukienda, nenda kwa hiari yako. Sharti langu nimelifuta.

Baba yako,
Ghulamabbas


Toronto, 12 Desemba 2004

Baba yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Theluji imeanguka usiku mzima, na kutoka ghorofa yetu Crescent Town yote imenyamaza. Jeptoo anakusalimu, ameomba barua yako ya mwisho aisome mwenyewe, na safari hii hakucheka, alinirudishia akaenda kuchemsha chai.

Nimefaulu. Maprofesa waliniuliza maswali mpaka midomo ikanikauka, na mmoja alitaka kujua kwa nini nimesisitiza sana kwamba jumla pekee haitoshi. Nilimweleza kwa pilau. Sikupanga, ilitoka tu. Amesema ataitumia kufundishia.

Sasa nina jambo la kukuambia kwa mpango wake, nawe nakuomba ulipokee kama lilivyo. Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama chini, kwenye masanduku ya barua, koti sijavua, na watu wakipita wakidhani nimefiwa. Nimeikunja, inakaa ndani ya msahafu wangu. Sitapata kitu kizuri kama hicho tena.

Lakini Jumatatu ya wiki ile ile, kabla sijajua kama Sajini yu hai na kabla sijajua kama bado unanihesabu binti yako, nilikuwa nimeshawaandikia hospitali kwamba siji. Barua nimeipeleka mwenyewe kwa mkono ili nisipate nafasi ya kuirudia. Jioni yake nilimpigia Ami Baqir nikamwambia, na nilimwomba asikupigie, nikuambie mimi. Na Jumanne nilitia saini kuendelea na shahada ya uzamivu, miaka minne, juu ya damu ya mbwa walinzi. Mwaka wa kwanza wote ni wa kukusanya damu, na mahali nilipoandika ni Tanga.

Ningeweza kukuambia kwamba niliingoja radhi yako. Ungefurahi, na ingekuwa karibu na kweli. Sikuingoja, Baba. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutembea, nayo ikanikuta njiani. Nadhani wewe, uliyeng'oa turubai kimya kimya bila kumwambia mtu, ndiye utakayenielewa kuliko wote.

Tiketi nimekata. Naingia Dar es Salaam mwezi wa pili, tarehe kumi na tatu, na kesho yake niko Tanga. Sajini ndiye wa kwanza kwenye orodha. Jina lake nimeshaliandika.

Mwanao,
Sahar